Uzoefu wangu: kampuni ya nyumba janja na boksi moja la mlangoni

"Mama, wewe chagua rangi ya ukuta. Umeme tuachie sisi."

Naanza na maneno hayo kwa sababu kila nikipita mlango wa sebuleni nayasikia upya. Siku hiyo nilikuwa nimesimama kwenye vumbi la saruji, nyumba haina mlango wala dirisha, mkononi nina karatasi niliyoichora mwenyewe usiku kucha. Nikauliza swali moja tu. Meneja wa kampuni, kijana aliyelingana na mdogo wangu wa mwisho, akanijibu hivyo mbele ya mafundi wake. Wakacheka. Saidia fundi mmoja hakucheka, na huyo nitamrudia.

Jina la kampuni silitaji, sitaki kesi. Ila ukienda kujenga ukakutana na watu wenye fulana nzuri na mdomo mrefu, shtuka.

Nyumba iko Goba. Tumeijenga kama wengi wetu tunavyojenga, tofali za bonasi hii, bati za mchezo wa kina mama ule. Mume wangu kazi yake iko Geita, kwa hiyo msimamizi wa site ni mimi, na kwa kazi hii ya nyaya mlipaji pia ni mimi. Risiti zote zina jina langu. Mlishike hilo, lina maana yake huko mbele.

Sikuwa nataka makuu. Nilitaka paneli moja ukutani pale mlangoni, ukiingia unawasha taa za sebule na baraza na unachagua muziki uimbe wapi. Spika za darini sebuleni na barazani, moja jikoni, na jikoni ukutani kile kitufe cha kuzungusha cha kupandishia na kushushia sauti, maana mikono ikiwa na unga hushiki simu. Wapo walionicheka wakasema siku hizi mambo yote yako kwenye simu. Mama yangu akija kutoka Same anakuja na kitochi. Nimwambie apakue programu ndipo aende kujisaidia usiku? Kitu cha ukutani kila mtu anakiona, hata mgeni, hata mtoto.

Na vitu vya ukutani vinataka nyaya zipite kabla ya plasta. Ukichelewa, unaenda kutindua ukuta uliokwisha kuupaka rangi. Ndiyo maana niliwaita mapema, kuta zikiwa tofali tupu.

Swali langu lilikuwa hili: nyutro inashuka mpaka kwenye maboksi ya swichi?

Niwaeleze kidogo, maana mimi mwenyewe nilikuwa silijui mpaka nilipoanza kujenga. Nyumba zetu nyingi fundi akifanya wayaringi, kwenye swichi anashusha nyaya mbili tu: laivu (waya wa moto) inayokuja, na ile inayorudi kwenye taa. Nyutro inaishia juu kwenye taa. Swichi ya kawaida haina shida na hilo, kazi yake ni kukata na kuunga. Lakini swichi janja au paneli inayokula umeme wa ukutani ni kimashine, kiko macho usiku na mchana kinasubiri amri. Kinataka umeme wake chenyewe, na umeme lazima uwe na njia ya kurudia. Njia hiyo ni nyutro. Waya mmoja. Wakati ukuta uko wazi, kuuongeza ni kazi ya dakika chache na gharama ya soda chache. Ukuta ukishafungwa, umekwisha.

Basi nikaambiwa nichague rangi.

Nilichagua rangi ya maziwa, kama mnataka kujua. Miezi ikapita, plasta ikapigwa, jipsamu ikafungwa, fundi rangi akamaliza, nyumba inapendeza hata majirani wanapitia kuangalia. Nikawaita waje wafunge vitu. Fundi akafungua lile boksi la mlangoni.

Nyaya mbili.

Hakuna nyutro. Mdomo wa paipu ya waya wa mtandao umejaa plasta, imeganda kama jiwe, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuziba maboksi na karatasi za mifuko ya saruji kabla ya wapiga plasta kuingia. Kitu ambacho saidia fundi yeyote anafundishwa siku ya kwanza! Na boksi lenyewe ni lile la kina kifupi, milimita 25, wakati paneli mgongo wake ulihitaji la 47. Nililishika lile tundu kwa vidole vyangu, nikajiona mjinga.

Nikampigia meneja. Akasema, "Mama, hukusema unataka nyutro." Nikamwambia nilisema, na karatasi ninayo. Akanyamaza. Halafu (hapa ndipo nilipotaka kurusha simu) akampigia mume wangu Geita. "Kaka, hebu ongea na shemeji, anatusumbua mafundi." Namba alitoa wapi sijui. Mume wangu ni mtu wa maneno machache. Alimjibu, "Mwenye kazi ndiye huyo uliyenaye hapo," akakata.

Kwa jibu hilo nimemsamehe makosa ya miaka kadhaa.

Wakaleta suluhisho la kwanza, swichi zisizotaka nyutro. Zipo kweli, na kwa wengine zinafanya kazi vizuri, sitaki kuzisingizia. Zinaiba umeme kidogo kupitia kwenye taa yenyewe ili zisilale. Sasa taa zangu ni za LED za wati chache. Kile kinachoibwa kinatosha kuzisumbua. Ukizima, taa inabaki inapepesa kama kimulimuli. Wiki nzima sebule yangu usiku ilikuwa kama ya nyumba yenye mapepo. Mwanangu mdogo akahamia kitandani kwangu.

Suluhisho la pili ndilo lililonifanya niandike haya. Fundi wao mkuu alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba chumvi: "Tutumie ethi, mama. Ethi na nyutro ni kitu kimoja tu."

Mjomba wangu alikuwa amekuja siku hiyo. Alifanya kazi ya ufundi mitambo mpaka akastaafu, si mtu wa kupandisha sauti, ila siku hiyo alipandisha. Ethi, ule waya unaoshuka ardhini, ni ya usalama. Haitakiwi kubeba umeme siku za kawaida, inasubiri ajali. Ukiifanya nyutro, breka ya usalama, ile inayokata umeme ukivuja, ikiwepo na iko sawa itakuwa inaanguka kila mara. Ikiwa haipo, na ethi ikaja kukatika mahali, umeme unapanda kwenye mabati ya vyombo: friji, jiko, mashine ya kufulia. Mtoto anafungua friji kwa mikono yenye maji. Mjomba alimwambia yule fundi achukue begi lake atoke, akatoka.

Mjomba huyohuyo ndiye aliyechukua kisu akakwangua waya wa mtandao uliokuwa umening'inia kistoo. Juu rangi ya shaba, ndani nyeupe. Aluminiamu iliyopakwa shaba. Risiti yangu imeandikwa shaba. Waya wa namna hiyo unakatika ukiukunjakunja, na ukitaka paneli ipate umeme wake kupitia waya huo huo wa mtandao, unaufikisha umechoka kuliko shaba halisi. Niliambiwa nichague rangi, kumbe rangi ndiyo waliyoniuzia.

Kama ningeandika wiki ile, ningesema nyota sifuri, na kama kuna chini ya sifuri, chini ya sifuri.

Sasa nije kwa yule ambaye hakucheka.

Jumamosi moja alikuja peke yake, bila fulana ya kampuni. Akasema, "Shikamoo mama, nimekuja kuangalia zile spika." Sikumwita. Nadhani dhamiri ndiyo iliyomwita. Kistooni kulikuwa na nyaya saba, zote nyeupe, hazina alama hata moja, na wenzake walikuwa wameshasema itabidi jipsamu ifunguliwe kujua ipi ni ya wapi. Yeye akaomba betri moja ndogo ya rimoti. Akanituma nisimame barazani. Akawa anagusisha ncha za waya kwenye betri, na mimi nasikiliza.

Tap!

Juu yangu, darini, spika ililia kidogo kama mtu anayebonyeza ulimi. Nikapiga kelele, "Hapa!" Tukazunguka nyumba nzima hivyo, sebuleni, jikoni, tap, hapa, tap, hapa, watoto wamejiunga wanakimbia vyumbani kama mchezo wa kujificha. Kila waya akaufunga utepe na kuandika jina kwa kalamu. Nusu saa. Hakuna jipsamu iliyofunguliwa. Nilicheka mpaka machozi, na sikuwa nimecheka kwenye ile nyumba tangu msingi.

Ile paipu iliyoziba pia tuliijua inapita wapi, kwa sababu kabla ya plasta nilikuwa nimepiga picha kila ukuta, futi kamba imewekwa pembeni. Hiyo sikuambiwa na mtu, nilifanya kwa wasiwasi wangu tu.

Jioni hiyo jikoni kulikuwa na taarabu, mikono yangu ina unga, nageuza kile kitufe ukutani kwa kiwiko. Jamani, raha. Nilikaa nikawaza labda nimekuwa mkali mno. Watu ni wale wale waliopitisha nyaya za spika, na spika zinaimba vizuri, barazani sauti inafika mpaka getini bila kukwaruza. Nikasema moyoni, nyota tatu. Mtu akikuudhi lakini akakupa muziki, utamfanyaje?

Nilikaa na hizo nyota tatu kama siku nne.

Halafu meneja akapiga simu. Hakuuliza hali ya nyumba wala nyutro. Amepiga kuulizia salio, laki 4, "maana spika si zinafanya kazi?" Kumbe kazi ya Jumamosi, ya yule kijana, ameiandika kwenye ankara kama huduma ya kampuni. Kijana mwenyewe hakulipwa hata nauli. Mimi ndiye niliyempa chochote, na chai na maandazi.

Nyota moja, basi, na hiyo moja ni ya kijana. Yeye sasa anajitegemea, na jirani yangu ameshamchukua. Huko ameanza kwa kushusha nyutro kila boksi na kuziba midomo ya paipu, nimeenda kuona kwa macho yangu.

Pale mlangoni kwangu nimetundika kalenda. Paneli iko kwenye katoni yake juu ya kabati. Meneja nimemwambia laki 4 yake ipo, imefungwa kwenye bahasha, aje aichukue mwenyewe, na akija aje na tindo, aje na mpiga plasta, aje na nyutro yangu. Rangi nitachagua mimi.