Pampu ya maji machafu: hesabu sifuri kabla hujatoa hela

Masika iliyopita shimo la maji machafu lilifurika usiku. Nikatoka pekupeku kuinua mfuniko, nikahisi kama siafu wamenipanda hadi magotini. Kiungio cha waya wa pampu kilikuwa kimeingia maji, na RCD (kifaa cha kukata umeme ukivuja) niliyoinunua mwezi mmoja nyuma imekaa kimya ukutani, swichi juu.

Asubuhi nikabonyeza kitufe cha T, cha kuijaribu. Tap! Ikakata. Nzima kabisa. Kumbe usoni imeandikwa 0.3A, nami nilihitaji 0.03A. Sifuri moja tu! 0.3 ni miliampia 300, ya kukinga nyumba isiungue. Ya kumlinda mtu ni miliampia 30. Kitufe hakikwambii, maana kila kifaa kinajipima kwa kiwango chake chenyewe. Breka ya kawaida ya ampia 16 ndiyo kabisa: kwa volti 230 mwili wako kwa kawaida haupitishi hata nusu ampia, kwa hiyo kwayo wewe ni balbu tu.

Basi, namba moja kwangu ni RCBO ya miliampia 30, aina A, ya pampu peke yake: breka na RCD katika mwili mmoja. Mimi ni mtu wa chapa ya Schneider, sifichi. Maandishi yake nayasoma bila miwani. Pampu ikivujisha umeme friji haizimiki, kwa hiyo hakuna atakayemwambia fundi "unga dairekti tu". Ila inakata kimyakimya, utajua choo kikianza kurudisha. Weka kengele ya floti, inayolia maji yakipanda, kwenye laini nyingine.

Namba mbili ni RCCB ya miliampia 30, yaani RCD tupu bila breka ndani. Haizuii shoti wala mzigo kuzidi, lazima iwe na breka yake.

Za kuchomeka kwenye soketi ni za pampu ya kuazima. Zisizo na jina sinunui.

Nilirudi dukani na yangu. "Dada, hizo zote ni RCD," muuzaji akasema, akanionyesha karatasi ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Nilipomwambia nataka 0.03 akapandisha bei papo hapo. Zilikuwepo siku zote, rafu ya juu, zimejaa vumbi.