Kilango cha Paka: Kipi Ununue kwa Paka Uliyemchukua Karibuni

Kama umemchukua paka mkubwa kutoka kituo cha wanyama, au kwa mtu aliyeshindwa kuendelea kumlea, usikimbilie kununua kilango, yaani kile kijimlango kinachowekwa kwenye mlango ili paka aingie na kutoka mwenyewe, wiki ya kwanza. Paka aliyehamishwa bado hajui kwamba hapo ndipo kwake, na akipata upenyo anaweza kuondoka kutafuta alikotoka. Mkalishe ndani wiki 3 hadi 4, na kama ni mwoga, zaidi ya hapo. Muda huo utamsoma tabia zake, na tabia ndizo zitakazokuambia ununue nini.

Mwanzo mpe chumba kimoja, si nyumba nzima. Trei ya mchanga ikae pembe moja, chakula na maji pembe nyingine, maana paka hapendi kula karibu na choo chake. Mpe na mahali pa kujificha. Boksi lililolazwa ubavu linatosha. Akijibanza humo siku mbili, mwache. Keti sakafuni ufanye shughuli zako, aje mwenyewe akiwa tayari. Siku utakapomwona anasugua shavu kwenye mguu wa meza na kwenye ukingo wa mlango, ujue anaacha harufu yake, na hiyo ni dalili nzuri kuliko hata kula vizuri. Hapo mfungulie vyumba vingine, kimoja baada ya kingine.

Kabla hajatoka nje, apite kwa daktari wa mifugo kwa ajili ya chanjo, kufungwa kizazi na chipu. Usicheleweshe suala la kizazi, kwani paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi 4 tu. Chipu ni kidude kidogo kama punje ya mchele kinachowekwa chini ya ngozi, katikati ya mabega. Haina betri, hutoa namba yake, kwa kawaida ya tarakimu 15, pale tu inaposomwa na mashine. Paka wa kituoni huenda anayo tayari, ila imesajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Badilisha usajili huo mapema.

Chipu hiyohiyo ndiyo inayokipa nafasi ya kwanza kilango kinachosoma chipu. Paka mgeni anahitaji kuliko kitu chochote kuwa na hakika kwamba hakuna paka mwingine atakayemwingilia. Paka wa jirani akiingia mara moja tu, akamalizia chakula na kukojolea ukuta, kazi yako ya wiki nzima inaweza kuharibika: paka wako ataanza kukojoa nje ya trei, au atarudi kujificha. Kilango cha chipu humfungulia yule tu ambaye namba yake imehifadhiwa. Kukifundisha ni rahisi: unabonyeza kitufe, paka anapita, basi.

Ila uliza swali moja dukani: kinasoma chipu wakati wa kuingia tu, au na wakati wa kutoka pia? Vingi husoma wakati wa kuingia tu. Kama nyumbani tayari una paka mwenyeji aliyezoea kutembea, tafuta kinachosoma pande zote mbili, ili mwenyeji aendelee kutoka huku mgeni akizuiwa ndani. Kwa nyumba yenye paka zaidi ya mmoja, nyongeza hiyo ya bei naiona ni halali kabisa. Kagua pia kama kinasoma aina ya chipu aliyonayo paka wako, hasa kama ni ya zamani yenye tarakimu chache. Na betri usizisahau: zikiisha, paka anaweza kutoka akashindwa kurudi. Chagua chenye taa ya kuonya.

Nafasi ya pili ni kilango cha kawaida chenye komeo la njia nne: wazi, kimefungwa, kuingia tu, kutoka tu. Hakina umeme wala cha kuharibika, na kama eneo lako halina paka wengine, ndicho ningekushauri ununue. Jaribu komeo kwa mkono kwanza. Kuna paka wanaojifunza kuingiza kucha chini ya kibao, ile sehemu ya kilango inayobembea, na kukivuta, na komeo dhaifu haliwawezi.

Tatu ni vinavyofunguliwa na kitambulisho cha kwenye kola. Vinachuja vizuri, lakini kola ikipotea, paka analala nje. Nne ni vya sumaku. Hivyo sivipendi, kwa sababu paka yeyote wa jirani mwenye sumaku shingoni anaweza kuingia, na sumaku yenyewe hukusanya misumari na vipande vya chuma. Ukichagua kimojawapo kati ya hivyo viwili, kola iwe ya kufyatuka yenyewe ikinasa kwenye tawi. Kilango kisicho na komeo lolote usinunue.

Paka mwenye FIV, virusi vinavyodhoofisha kinga ya mwili wa paka na ambavyo huenezwa zaidi kwa kung'atana, hahitaji kilango chochote. Wala asiyeona. Hao wakae ndani.

Kabla ya kulipa, pima upana wa paka sehemu aliyonenepa zaidi, kisha unene wa mlango. Ukingo wa chini wa uwazi uwe usawa wa tumbo lake, kama sentimita 15 kutoka anaposimama, na upime upande wa nje pia kama kuna ngazi. Mlango wa mbao fundi yeyote anautoboa. Kioo kilichoimarishwa hakikatwi kikiwa tayari, kitapasuka chote. Utaagiza kingine chenye tundu. Mlango wa chuma unaweza kuvuruga usomaji wa chipu, kwa hiyo uliza kama kuna kifaa cha kukitenga kilango na chuma.

Kikishafungwa, usimsukume apite. Kiegeshe kibao kikiwa wazi kabisa, weka chakula upande wa pili, na umfanyie zoezi kabla ya mlo, akiwa na njaa. Kishushe kidogokidogo siku hadi siku, mpaka akisukume kwa paji la uso. Vya chipu hutoa mlio komeo linapofunguka, na paka mwoga hushtuka. Mzoeze mlio huo kibao kikiwa bado kimeegeshwa. Akianza kukwepa, rudi hatua moja nyuma, kibao kikae wazi siku chache zaidi.