TAHADHARI: mota za "mkoloni" zenye kibati kipya, angalieni RPM (mizunguko kwa dakika) kabla hamjatuma hela

Wakuu, naandika bado nina hasira so mnivumilie. Kuna jamaa anauza vitu vya zamani, redio, feni za chuma, mota ndogo ndogo, anasema yuko Dar. Jina simtaji maana kila akaunti ana lake, ila mtindo wake mtaujua tu.

Mimi niko Moro, nilikuwa natafuta mota ya kufungia jiwe la kunolea visu na mapanga. Jamaa katupia picha ya mota ya duara, imepigwa rangi ya kijivu inang'aa, kibati cha aluminiamu safiii: 1 HP (hosipawa moja), 230V, 50Hz, 1725 RPM. Nikamuuliza ni ya kampuni gani, akanijibu "kaka hiyo mali ya Mwingereza, mota ya mkoloni haifi". Laki na themanini. Nikatuma kwa simu, kesho yake mzigo nikauchukua stendi ya Msamvu, na hapo ndo nilitakiwa nishtuke maana mota ya chuma ya hosipawa nzima nimeibeba kwa mkono mmoja mpaka kwenye boda kama dumu la mafuta nusu.

Nimefika nyumbani nikachomeka. Ikanguruma vibaya, ikazunguka kama sekunde kumi hivi halafu nikasikia harufu ile ya vanishi inayoungua, moshi, breka ikakata. Basi.

Nikaipeleka kwa mzee mmoja hapa mtaani anasuka mota tangu nikiwa mdogo. Hata hakuifungua, alivaa miwani akasoma kibati akacheka. Akaniambia mwanangu, kibati hiki kinajipinga chenyewe. Mota ambayo haina kaboni (zile brashi za ndani) inafuata umeme, na umeme wetu ni 50Hz, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo ikiwa na pole nne (ncha za sumaku) haifiki 1500 kwa dakika, utakuta imeandikwa 1420 au 1440 huko, ikiwa na pole mbili haifiki 3000, inakuwa 2800 na kitu. Sasa 1725 inatoka wapi? Hiyo ni namba ya umeme wa 60Hz, pole nne, Marekani huko. Akachukua bisibisi akakikwangua kibati pembeni, kikabanduka chote, kumbe kimegundishwa tu na vile vichwa vya riveti ni urembo, na chini yake kipo kibati cha kwanza, cheusi, kimechakaa lakini kinasomeka: Fort Wayne, Ind., U.S.A., 115 volts, 60 cycles, 1/4 HP, 1725. Mwingereza wa wapi! Yani jamaa alibadilisha volti, akabadilisha nguvu, akabadilisha hezi, RPM akaisahau kwa sababu haijui maana yake.

Ndani shaba imegeuka nyeusi upande mzima. Kusuka upya mzee kasema itazidi bei ya mota ya mtumba nzima. Kilichoniuma zaidi ni kwamba mota yenyewe haikuwa mbaya, angeniuzia kwa ukweli ningetafuta transfoma ya kushusha, na mzee anasema hata hapo usiipe 115 kamili, kwa 50Hz iwe kama 95 hivi la sivyo inachemka, na ingezunguka taratibu kidogo kuliko kwao. Kwa jiwe la visu wala nisingelalamika.

So ukiona mota ya zamani usiyoijua, muombe muuzaji picha ya kibati kwa karibu, RPM isomeke. 1725 au 3450 ujue hiyo ni ya 60Hz hata kama wameandika 50. Ukiona neno cycles (jina la zamani la Hz) halafu pembeni pameandikwa Hz kwa herufi mpya, kimbia. Za kaboni, zile za cherehani na drili, hii hesabu haizihusu, zile zinazunguka zinavyotaka, hapo angalia volti tu. Na mota yoyote usiyoiamini usiichomeke moja kwa moja kama mimi, iunge siriizi na balbu ya kizamani ya wati 100 kwanza, balbu ndo itapokea kishindo. Hili nalo kanifundisha mzee nikiwa tayari nimeshalia.

Jamaa nilimtumia picha ya vibati vyote viwili. Akajibu "bro mota ilikuwa nzima, umeme wa huko kwenu ndo mbovu", nikampigia, hakupokea, jioni kaniblock.

Leo asubuhi mdogo wangu kanionyesha kwenye simu yake tangazo jipya, rangi ile ile ya kijivu, imewekwa juu ya kitenge cha njano kile kile, sa hivi ni "ya Mjerumani", 1.5 HP, laki mbili na nusu. Nimevuta picha kwenye kibati. 1725.