Dinamo ya habu na taa zake, kwa anayetaka kuliacha gari nyumbani

Nianze na hukumu. Kama unataka baiskeli ibebe safari zako za kila siku badala ya gari, kwenda kazini na kurudi, sokoni, kumpeleka mtoto, basi weka dinamo ya habu, kifaa kinachofua umeme wa taa kutoka katikati ya gurudumu linalozunguka, kabla ya kununua kitu kingine chochote. Tandiko zuri litasubiri. Gia nyingi zitasubiri.

Wengi tunaijua dinamo ya zamani, ile ya umbo la chupa inayoegemea ubavu wa tairi. Inanguruma, inakula tairi, na mvua ikinyesha inateleza, taa inafifia saa ile ile unapoihitaji. Ya habu ni kifaa tofauti kabisa. Sumaku na waya wa shaba vimefichwa katikati ya gurudumu la mbele, haigusi tairi, na maji ya barabarani hayaihusu. Kipimo chake cha kawaida ni volti 6 na wati 3, na ukifikisha kilomita 15 kwa saa, mwendo wa mtu asiye na haraka, taa imeshafika kwenye nguvu yake yote. Yangu ni Shimano ya daraja la kawaida. Ukilishika gurudumu mkononi utauona uzito wake, na ukilizungusha kwa kidole utahisi sumaku zikilivuta kidogo kidogo. Ukishapanda hilo hulisikii tena, upepo wa usoni unakushinda nguvu kuliko dinamo.

Kwa nini naisifu kiasi hiki? Kwa sababu kilichonifunga kwenye gari kwa muda mrefu kilikuwa hofu, na hofu hiyo ina msingi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa barabarani duniani kote, na zaidi ya nusu yao ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na wa pikipiki, yaani wale wasio na bati la kuwakinga. Mtu anayekuambia upande baiskeli bila kugusia jambo hili hakutakii mema.

Nilizitumia kwanza taa za betri. Zina mwanga mzuri, sizidharau. Lakini taa ya betri inadai kumbukumbu: kuichaji, kuifunga, kuifungua ukiegesha isiibwe, kuiwasha. Gari halimdai dereva lolote kati ya hayo, na ndiyo maana mtu akichelewa asubuhi mkono unaenda kwenye funguo za gari. Kwa dinamo, baiskeli inatoka ilivyo. Gurudumu likizunguka taa inawaka, mbele na nyuma, usiku na mchana. Swichi ipo, mimi siigusi.

Hilo la mchana watu hunibishia sana. Taa ya nini jua likiwa utosini? Basi tazama magari: tangu mwaka 2011 Umoja wa Ulaya umetaka kila aina mpya ya gari dogo itoke kiwandani na taa za mchana, kwa sababu jicho huwahi kukiona kitu chenye mwanga. Kama gari lenye upana wa mita mbili linahitaji taa ili lionekane, mtu mmoja juu ya magurudumu mawili anahitaji zaidi. Na jambo hili limepimwa kwa baiskeli zenyewe. Katika mji wa Odense, Denmark, watafiti waliwagawa waendesha baiskeli karibu 4,000, baadhi wakafungiwa taa zinazowaka muda wote kwa nguvu ya sumaku za kwenye spoku, wengine wakaendelea kama kawaida. Waliokuwa na taa walipata ajali za kuumia kwa kiwango cha chini kwa asilimia 19. Kwa kitu ambacho ukishakifunga hukifikirii tena, asilimia 19 ni kubwa mno.

Sikuridhika na maneno ya kwenye boksi, kwa hiyo nilimwomba mwenzangu aiendeshe baiskeli nami nikakaa kwenye kiti cha dereva, gari limeegeshwa pembeni ya barabara iliyonyooka. Taa ya baiskeli ihukumiwe kutoka hapo. Alipoingia kwenye kivuli cha miti, mchana kweupe, yeye mwenyewe alipotea na taa ikabaki. Jioni, wakati ule jua linapozama na kila dereva ana pazia la mng'ao machoni, taa ya nyuma niliiona mbali kuliko nilivyotarajia. Fanya hesabu: gari la kilomita 50 kwa saa linakata karibu mita 14 kila sekunde. Dereva akikuona ukiwa mita 100 mbele ana sekunde saba za kuamua. Akikuona kwenye mita 30, zimebaki mbili.

Taa ya mbele ina mwanga uliokatwa juu, kama wa gari, unaolala barabarani badala ya kumchoma machoni anayekuja. Naomba sana watengenezaji wote waige hili, maana taa za betri zinazomulika kila upande huwapofusha hata waendesha baiskeli wenzako. Ukisimama njia panda, kapasita iliyo ndani, kifaa kidogo kinachohifadhi umeme kwa muda, inazibakiza taa zote mbili zikiwaka kwa dakika chache. Usinunue seti isiyo na kapasita. Mahali pa kungoja ili ukate kona ndipo hasa unapohitaji kuonekana, na hapo gurudumu limesimama.

Kasoro zipo. Ukipanda mlima polepole, taa ya mbele inapepesa. Pancha ya gurudumu la mbele inakulazimu uchomoe waya kwanza, na kwenye giza na mikono michafu kijiti cha plastiki kinachoushika waya huo kinaudhi. Kishikizo cha taa ya nyuma kilikatika nilipoiegemeza baiskeli ukutani. Kimebuniwa kidhaifu, nikabadilisha kwa cha chuma chini ya keria.

Kasoro kubwa zaidi ni ubavuni. Nilipomwomba mwenzangu apite mbele ya gari kutoka kulia kwenda kushoto, gizani, taa zote mbili hazikunisaidia kitu: moja inatazama mbele, nyingine nyuma. Kwa hiyo ongeza tairi zenye mstari mweupe unaoakisi mwanga, na funga mikanda ya kuakisi kwenye vifundo vya miguu. Mikanda ni bora kuliko fulana peke yake kwa sababu inapanda na kushuka na pedeli, na jicho la dereva linautambua mwendo wa miguu ya mtu mara moja.

Hata hivyo dinamo haiwezi kubeba lawama isiyo yake. Dereva aliyekuona anaweza bado kukupita akikugusa kiwiko. Mlango wa gari lililoegeshwa unaweza kufunguka mbele yako, hata ukiwaka kama mnara. Aliyekaa ndani ya gari akifungua kwa mkono ulio mbali na mlango, mwili wake unageuka na macho yanarudi nyuma. Uingereza iliingiza ushauri huo kwenye kanuni zake za barabara mwaka 2022, nami natamani ufundishwe kwa kila anayejifunza udereva. Na mwendo. Gari la kilomita 60 linagonga kwa nishati mara nne ya lile la kilomita 30, na hakuna helmeti iliyotengenezwa kwa pigo hilo. Nikiwa na njia mbili za kwenda mahali, nachagua ile yenye magari ya polepole, ingawa ni ndefu. Taa sikuifunga ili nipate ujasiri wa kuingia kwenye barabara ya malori.

Ukiamua kununua, tafuta gurudumu lililokwisha kusukwa na dinamo ndani, ni nafuu kuliko kumlipa fundi asuke spoku upya, isipokuwa rimu yako ni nzuri na fundi wako ana mkono mtulivu. Mwambie apitishe waya kwenye mguu wa foku, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, upande ulio kinyume na breki, aufunge kila baada ya kiganja kimoja, na abakize kitanzi kidogo karibu na usukani usije ukakatika ukikata kona. Kisha, kabla hujaondoka, zungusha gurudumu, lisimamishe, uhesabu dakika ambazo taa ya nyuma inabaki ikiwaka.