Uzoefu wangu na APRS Tanga: upepo wa nyumbani, alama ya baharini

Nimeitumia APRS kwa miezi minane, nyumbani Raskazone na ndani ya mashua. Kama una leseni ya redio ya ridhaa na unaishi pwani, iweke. Ila anza na antena. Mimi nilianza na kifaa, yaani redio ya mkononi, miezi miwili ikaenda bure.

Kwa asiyeijua, ni njia ya redio kurusha yenyewe taarifa fupi: mahali ulipo, upepo, mvua, joto, hata ujumbe wa maneno machache. Aliyeibuni ni Bob Bruninga wa Marekani. Upande wetu wa dunia hutumia masafa ya 144.800 MHz, kwa kasi ya biti 1,200 kwa sekunde. Ni kasi ndogo, lakini haidai bando wala mnara wa simu, na ukishaipa nchi kisogo hilo ndilo unalolitaka.

Juu ya paa nina kipima upepo, kipimajoto na chombo cha kupimia mvua, vyote vinaingia kwenye Raspberry Pi, kompyuta ndogo, yenye programu ya Direwolf inayogeuza taarifa kuwa sauti za redio, ambayo ni ya bure. Kituo kinarusha kila dakika 10. Angalia vipimo: mfumo unataka joto kwa Farenhaiti. Ukirusha 28 ya Selsiasi bila kuigeuza kuwa 82, ramani ya APRS itaonyesha Tanga inaganda kwa baridi.

Baharini natoka na baba mdogo siku asizovua, kwa kuwa redio ya ridhaa si ya biashara. Leseni ni yangu, kwa hiyo kifaa hakisafiri bila mimi. Mara ya kwanza nilitumia antena fupi iliyokuja nacho, na ya nyumbani ilikuwa dirishani. Tulipofika usawa wa Mwambani, kusini mwa mji, alama ya mashua ikasimama kwenye ramani, mke wangu aliyekuwa akiitazama akapata hofu kubwa. Ndipo nikapandisha antena ya nyumbani hadi mita 9, na ya mashua nikaifunga mlingotini, mita 4 juu ya maji. Kwa urefu huo hesabu ya umbali wa redio inatoa kilomita 20 hivi, na kweli, safari iliyofuata tuliipita Tongoni tukiwa tunaonekana, tukapotea kabla ya Kigombe.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni upepo. Mwezi wa saba, kusi limekaza, nikawa nasoma kwenye redio ya mkononi kinachopimwa juu ya paa langu. Asubuhi maili 12 kwa saa, kufika adhuhuri dhoruba fupi za 24. Baba mdogo anausoma upepo kwa rangi ya maji tangu sijazaliwa, na siku za mwanzo hakukitazama kabisa kile kioo cha redio. Siku hiyo aliniuliza, "Nyumbani kunasemaje?" Nikamsomea. Akageuza mashua.

Kasoro zipo. Tundu la kuchajia liliota kutu ndani ya wiki sita, ingawa muuzaji aliniapia kwamba kifaa hakiingizi maji. Sasa kinakaa kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri. Pia taarifa hizi hazina siri: yeyote mwenye redio ya APRS anazisoma. Baba mdogo alilijua hilo mapema kuliko mimi. "Mwanangu, mwamba wangu wa samaki unataka kuuonyesha watu wote?" Tukakubaliana: tukikaribia mwamba nazima, tukiuacha nawasha, na mke wangu anajua kimya hicho kinachukua muda gani. Na usiitegemee peke yake wakati wa hatari. Kama hakuna anayesikiliza, pakiti zako, yaani zile taarifa fupi, zinaishia hewani. Maboya ya kuvaa na simu yenye chaji bado tunabeba.

Kinachonikosesha raha ni kile kipande cha kutoka Kigombe kwenda Pangani, ambako hakuna anayetusikia. Kituo kimoja cha kupokea pale Pangani, hata bila vipimo vya hali ya hewa, kingekifunika. Redio ya pili ninayo tayari. Natafuta mwenye leseni na paa refu.