Tanuru la kuzungusha kwa mkono kutoka Katwe: miezi tisa ya kulitumia Busia

Niseme mapema kwamba mimi si mhunzi wa kazi. Siku za wiki naandika hesabu za magunia kwenye ghala la mahindi hapa Busia, upande wa Uganda, na chuma nakigonga Jumamosi alasiri na Jumapili baada ya kanisa. Anayefua majembe hamsini kwa siku ana mahitaji mengine kabisa. Lakini kama wewe ni wa kujifurahisha kama mimi, na unafikiria kwenda Katwe, ule mtaa wa mafundi wa chuma Kampala, kutengenezewa tanuru, soma kwanza.

Nilichonunua ni hiki: dramu ya breki ya lori iliyokalishwa juu ya miguu mitatu ya chuma, bomba la inchi mbili chini yake, feni ndani ya kasha la bati nene, na rimu ya baiskeli yenye mkono wa kuzungushia. Ukanda wa kuvuta feni umekatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Fundi alianzia shilingi 500,000 za Uganda, tukakubaliana 380,000. Nikaongeza makoleo mawili ya 25,000 kila moja na fuawe, chuma cha kugongea juu yake, ya 150,000. Nikaondoka Kampala nimelipa 580,000, na nikiwa mwenye furaha kupita kiasi. Kondakta wa taksi alilitazama lile dude akaniuliza kama ni jiko la harusi, kisha akanitoza viti viwili.

Moto wake ni mzuri, na hilo nalisema bila kusita. Rimu ina kipenyo cha sentimita 60 hivi, puli ya feni sentimita 4, kwa hiyo ukizungusha mkono mara moja feni inazunguka kama mara 15. Mtoto wa miaka kumi anaweza kuizungusha huku akiongea. Nondo ya milimita 12 inafika rangi ya chungwa lililoiva kwa dakika tatu au nne. Umeme ukikatika, na unakatika, mimi sina habari. Tena ukanda ukilegea ni tyubu tu, na Busia ndiko boda boda zilikoanzia, enzi zile zikiwa baiskeli za kuvusha watu kutoka mpaka huu hadi ule. Hatujawahi kukosa tyubu iliyochoka hapa. Nabadilisha ukanda karibu kila mwezi, bure.

Dramu yenyewe ni pana mno kwa kazi ndogo. Moto unatawanyika, mkaa unaungua pembeni pasipo na chuma. Nilichukua udongo wa kichuguu, nikauchanganya na mchanga na majivu, nikaukandika ndani mpaka likabaki bakuli la upana wa kiganja na vidole vya ziada. Uache ukauke wiki nzima kivulini, la sivyo utapasuka siku ya kwanza ya moto. Na usimwagie dramu maji ikiwa ya moto. Ni chuma cha kalibu, kinapasuka kama sahani.

Sasa malalamiko. Ekseli ya feni ilikuwa inazunguka ndani ya bomba tupu lililopakwa grisi, bila beringi. Wiki ya tatu ilianza kulia kama nguruwe, wiki ya tano feni ikawa inagusa kasha. Nilimpigia fundi, akaniambia, "Ssebo, hiyo ongeza grisi tu." (Ssebo ni bwana kwa Kiganda.) Niliongeza. Haikusaidia kitu. Mwishowe nilinunua beringi mbili za 6202, zile za tundu la milimita 15, nikampelekea fundi wa kuchomelea wa mtaani, akazifungia kwa saa moja. Tangu hapo ni kimya kabisa. Beringi mbili hazikupaswa kuwa siri ya kugundua baada ya kulipa.

Kasoro ya pili ndiyo iliyonila pesa, na ilinichukua muda kuiona. Bomba halina kitu cha kupunguza upepo. Unadhani upepo mwingi ni moto mwingi. Ndivyo nilivyodhani mimi, nikawa nazungusha kama mtu anayekimbizwa. Mkaa wa miti ni mwepesi, hauhitaji upepo mkali kama makaa ya mawe. Ukiupuliza sana unarusha cheche mpaka kwenye shati, chuma kinaota magamba mazito, na ndoo ya lita 20 ya mkaa inaisha kabla saa nzima haijapita. Siku moja nilivuta ncha ya springi ya lori kutoka motoni ikawa inatoa vinyota vyeupe, shaa! shaa! Watoto walipiga makofi. Ile ni springi yenyewe inayoungua, na ikishafika hapo hairudi, unaikata na kuitupa. Nilikata mwanya kwenye bomba kwa grenda, nikachomeka kipande cha bati la mkebe wa maziwa ya unga kinachoingia na kutoka kama droo. Sasa ndoo ileile inanidumu kwa muda wa saa mbili. Kwa bei ya mkaa tangu amri ya 2023 iliyozuia uchomaji wa mkaa wa biashara kaskazini, hilo si jambo dogo.

Kifuniko cha majivu chini kinafungwa kwa bawaba nyembamba iliyokwisha pinda. Ni muhimu kifunguke: ukisimamisha feni, acha kifuniko wazi kidogo, kwa sababu gesi ya mkaa hujikusanya kwenye bomba, na ukianza kuzungusha tena inaweza kulipuka puu! Na usifanye kazi hii ndani ya chumba kilichofungwa.

Fuawe sasa. Fuawe ile ni hasara. Ni kipande cha mhimili wa chuma chenye sahani nene juu, imechomelewa pembeni tu, katikati kuna nafasi. Ukigonga, nyundo inazama na mkono unachoka. Kuna jaribio ambalo ningelijua mapema: chukua gololi ya beringi kubwa, iachie kutoka urefu wa sentimita 25 juu ya fuawe, tazama inarudi wapi. Kwenye fuawe nzuri inaruka karibu irudi ilikotoka. Kwenye yangu ilifika chini ya nusu, ikalala. Nendeni Katwe na gololi mfukoni.

Kwa wauza vyuma chakavu hapa Busia nilipata shafti ya nyuma ya lori kwa 60,000. Nimeisimamisha kichwa juu ndani ya gogo la mwembe, nusu imezama ardhini, na uso wake uko usawa wa ngumi yangu nikisimama mikono imelegea. Gololi inaruka vizuri. Jamaa mmoja aliniletea kipande cha reli kwa bei nafuu. Reli haitoki shambani kwa mtu, ndugu zangu. Nilimrudishia.

Makoleo ni ya wastani. Moja lilikuwa halishiki nondo nyembamba, nikalipasha na kulibana upya juu ya chuma chenyewe. Kazi ya dakika kumi, na ni somo zuri la kwanza.

Kisu cha kwanza nilikifua kwa springi ya lori, nikakichovya kwenye maji. Nilisikia "ti!" ndogo kama ya glasi, na mstari ukaonekana kuanzia makali hadi katikati. Springi ya lori inataka mafuta. Siku hizi natumia mafuta yaliyochoka kukaangia chipsi, nayapasha mpaka kidole kinavumilia kwa shida. Napasha kisu mpaka sumaku ya spika ya redio iache kukivuta, nasubiri kiwake zaidi kidogo tu, ndipo nachovya. Kisha nakijaribu kwa tupa ya kunolea: iteleze juu yake bila kung'ata. Baada ya hapo nakisugua king'ae, nakiweka mgongo chini juu ya chuma kizito cha moto na kungoja rangi ya asali ipande hadi kwenye makali. Ikianza kuwa ya bluu umechelewa. Mabomba ya maji yenye zinki siyaingizi motoni hata nikibembelezwa. Moshi wake unakupa homa ya usiku mzima.

Wiki iliyopita nilimpigia yule fundi tena. Shemeji yangu wa Tororo ameona tanuru, anataka lake. Nikamwambia: beringi mbili za 6202, droo ya kupunguza upepo, bawaba nene kwenye kifuniko cha majivu. Akataka 420,000, tukaachana kwenye 400,000. Akauliza, "Na fuawe? Nitakupunguzia." Nikamwambia abaki nayo.