Umeme haukohoi: jetiski yangu, karakana ya vigae na fundi wa ngalawa

Nilisema nisubiri hasira zishuke ndipo niandike. Hazijashuka. Karakana siitaji jina, wenyewe wakisoma watajijua. Ni karakana ya hapa hapa Dar, sakafu ya vigae, feni mbili, na kijana wa mapokezi mwenye fulana yenye nembo. Niliwapelekea jetiski yangu, ile pikipiki ya majini, mara tatu kwa ugonjwa mmoja ule ule.

Ni chombo cha zamani, kabureta mbili, injini ya stroku mbili, ile inayounguza oili pamoja na petroli. Pampu yake ya oili iliondolewa kabla sijakinunua, kwa hiyo nachanganya mwenyewe kwenye dumu, lita moja ya oili kwa lita 40 za petroli. Nakipenda. Nakitumia kuvuka Kunduchi kwenda kisiwa cha Mbudya, na Jumamosi na Jumapili mpwa wangu anabebea wageni. Ndiyo ada ya shule ya mwanangu hiyo.

Ugonjwa ulikuwa hivi. Asubuhi inawaka vizuri, unaondoka, dakika kumi hivi hakuna neno. Halafu inaanza kukohoa, nguvu inapungua, ukikaza mkono ndiyo unaimaliza kabisa. Inazima. Ukipiga stata inazunguka bure. Ukikaa robo saa, inawaka kama vile haikuwahi kuumwa. Mara ya kwanza ilinizimia katikati ya mkondo, kusi limeshaanza. Ukizimiwa pale kwenye kusi, hufiki Kunduchi wala Mbudya, unakwenda linakokusukuma. Walinivuta watu wa ngalawa waliokuwa wanarudi na nyavu. Hela walikataa, wakapokea maji ya kunywa tu.

Mara ya pili nilidhani mafuta yameisha, nikafungua kifuniko cha tenki nichungulie. Mafuta yalikuwa nusu. Nikafunga, nikapiga stata, ikawaka palepale, bila kusubiri hata dakika moja. Nikaliweka hilo kichwani.

Nikaenda nalo mapokezi. Nikaanza kumweleza yule kijana: inazima baada ya muda, nikifungua kifuniko cha tenki inawaka. Hakuandika kitu. Akaniuliza, "Mwenyewe yuko wapi?" Nikamwambia mwenyewe ni mimi. Akasema, "Sawa mama, lakini anayekiendesha? Mpigie niongee naye, yeye atanielewa." Nikamwambia anayekiendesha ni mimi. Akatabasamu, akageukia kompyuta, akaandika neno moja: UMEME. Nililiona kwa macho yangu.

Wakabadilisha CDI, kile kisanduku cha umeme kinachoamuru cheche ya plagi, laki tatu na nusu. Wiki ya pili ikazima. Wakabadilisha koili za magneto, zinazozalisha umeme wa cheche, laki sita pamoja na ufundi. Ikazima. Mara ya tatu wakaniambia injini imechoka, nitafute injini nyingine au niuze kwa wa vyuma chakavu. Kila mara walikuwa wanaipimia juu ya trela, mpira wa bomba umechomekwa wa kuipoza, dakika tatu au nne za mwendo wa chini. Kwa mwendo huo inakunywa mafuta kidogo mno, hata ungeziba tundu la pumzi la tenki kwa saruji isingezima. Hakuna aliyekubali kuja nayo majini, japo niliomba na gharama za kwenda Kunduchi nilisema nitalipa mimi.

Mpwa wangu ndiye aliyenipeleka kwa mzee mmoja pale sokoni Kunduchi anayetengeneza mashine za boti za wavuvi. Hana karakana, ana mkeka, boksi la spana na kipande cha turubai. Nikamwamkia shikamoo, nikakaa. Kabla hajagusa kitu akaniuliza: "Ikizima, inazima ghafla kama umezima taa, au inakohoa kwanza?"

Nikamwambia inakohoa kwanza, kama mtu anayekosa pumzi.

"Basi acha umeme. Umeme mara nyingi haukohoi, mwanangu. Ukikatika umekatika. Nini kingine umekiona?"

Nikamweleza habari ya kifuniko. Akaninyamazia kidogo, akasema, "Sasa hilo ulilisema huko?" Machozi yalinilenga, sioni haya kuyasema.

Tukaingia majini wote watatu, wao kwenye boti, mimi kwenye jetiski. Ilipoanza kukohoa akanifanyia ishara nisiguse kitu. Akasogea, akafungua kifuniko polepole, tukasikia wote: sssss, tenki linavuta hewa ndani. Nikapiga stata, ikawaka.

Yeyote aliyewahi kumimina mafuta ya kula kwenye dumu anajua. Dumu halina pumzi, mafuta yanakataa kutoka. Tenki la jetiski lina kipaipu cha kuingizia hewa, na juu yake kivalvu kidogo cha njia moja, hewa iingie ila petroli isimwagike chombo kikipinduka. Changu kilikuwa kimeganda chumvi. Kila petroli inavyotoka, ndani panabaki utupu, mwisho pampu inashindwa kuvuta. Ukisubiri, hewa inapenya taratibu, inawaka. Mzee alikitoa, akakiweka mdomoni, akapuliza huku, akapuliza kule. Hakikupitisha kitu. Akanipa nami nipulize. Kilikuwa na ukubwa wa kifundo cha kidole.

Kivalvu kipya hakikupatikana siku hiyo, akanionya kabisa nisiendeshe na kifuniko kikiwa kimelegea, mvuke wa petroli utajaa chini ya kiti na cheche moja inatosha. Siku ya tatu tukapata, na kwa vile alikuwa ameshafungua akabadilisha na paipu za mafuta zilizokuwa zimekauka. Elfu themanini, vyote.

Sasa niseme na haki yao wale wa vigae. Kabureta walizisafisha kweli, filta ndogo za ndani nilizikuta safi. Na tangu CDI mpya asubuhi inawaka haraka zaidi, pengine ile ya zamani nayo ilikuwa njiani kufa. Nilikuwa nimeshaamua kuwapa nyota mbili, hata tatu.

Lakini mzee alipotoa plagi akanionyesha: nyeupe kama jivu. Plagi nyeupe hivyo inasema injini inaunguza bila mafuta ya kutosha. Na kwa chombo changu, ambacho oili iko ndani ya petroli, kukosa petroli ni kukosa oili. Pistoni ingeweza kukwama nikiwa na mgeni mgongoni, mtoto wa watu. Plagi kama hizo walizishika mikononi mara mbili. Wakazibadilisha, wakaniandikia risiti, hawakuzitazama. Jibu walikuwa nalo kiganjani, na mdomoni mwangu pia, ila walikuwa wanamsubiri mwanamume aje kulisema. Nyota moja. Hata hiyo moja inaniuma.

Tangu hapo nimekwenda na kurudi Mbudya sijui mara ngapi, kusi limepita, kaskazi limeingia, haijazima hata mara moja.

Nilirudi karakana kudai vifaa vyangu vya zamani. Wakasema walitupa. Mtu hatupi koili za magneto za stroku mbili mjini hapa, wanazitafuta kwa tochi. Zile koili naamini zilikuwa nzima, na nazitaka pamoja na CDI. Jumatatu nazifuata, na ninakuja mimi, mwenyewe.